Sura ya 5: Fomu Inasema 41,000, Benki Inasema 28,000

Swali hili huanza kuzunguka kila mwaka mwishoni mwa Januari, misikitini, makanisani na kwenye makundi ya WhatsApp ya Waswahili wa Columbus, Dallas, Minneapolis na Portland. "Ndugu yangu, watu wa Uber wameniletea karatasi inayosema nimepata dola 41,000. Benki mimi nimeona 28,000 tu. Hizo 13,000 zimekwenda wapi, na kwa nini nilipie kodi hela ambazo sikuzishika?"

Na pembeni yake huwa kuna mwingine, anayepeleka chakula cha DoorDash jioni baada ya zamu ya ghalani: "Mimi sikuletewa karatasi yoyote. Si ndiyo kusema sidaiwi kitu?"

Majibu kwa ufupi ni haya. Wa kwanza hatalipia hela ambazo hakuzishika, ila ni juu yake mwenyewe kuonyesha zilikokwenda. Wa pili huenda anadaiwa, karatasi iwe imekuja au haikuja. Sura hii inaeleza kwa nini, na inaonyesha hesabu inavyofanywa. Mifano yote ni ya Marekani na viwango ni vya mapato ya mwaka 2025.

Wewe si mwajiriwa wao

Anayefanya kazi ghalani, hospitalini au kiwandani hupata fomu inayoitwa W-2. Fomu hiyo inasema alilipwa kiasi gani na mwajiri alimkatia kodi kiasi gani, na kazi kubwa imekwisha kufanywa kabla hajaiona.

Dereva wa Uber au Lyft, mpeleka chakula wa DoorDash, fundi anayepata kazi kupitia mtandao, hawa wote mbele ya sheria ya kodi ni watu waliojiajiri. Kampuni yenye programu huwaunganisha na mteja, huchukua kamisheni yake na kuwatumia kinachobaki. Kwa kawaida haimkatii mtu hata senti moja ya kodi. Hela inaingia benki nzima nzima, na mtu mgeni wa mfumo huu anaiona yote kuwa yake. Hapo ndipo matatizo mengi ninayoyaona yanapoanzia, maana sehemu ya hela ile ni ya serikali tangu siku ilipoingia, na hakuna aliyemwambia.

Kwa hiyo mbele ya IRS, yaani mamlaka ya kodi ya serikali kuu, wewe ni mwenye biashara. Gari lako ndilo duka lako.

Karatasi mbili, na kila moja inasema nini

Karatasi ya kwanza ni 1099-K. Hii hutolewa na kampuni zinazopitisha malipo kati ya mteja na mtoa huduma. Kisanduku chake cha 1a kinaonyesha mapato ghafi, yaani fedha zote zilizolipwa na wateja kabla ya kutolewa chochote. Kamisheni ya kampuni imo humo. Ada za kuhifadhi safari zimo humo. Hata hela zilizorudishwa kwa abiria aliyelalamika zinaweza kuwa humo.

Fikiria mama anayeuza samaki Feri, Dar es Salaam. Jioni kibeti chake kina shilingi 200,000, lakini akiulizwa amepata nini leo hatataja 200,000. Atatoa kwanza bei aliyonunulia samaki, barafu, ushuru wa soko na nauli. Kinachobaki ndicho alichopata. Fomu 1099-K inataja kilichopita kwenye kibeti, basi.

Karatasi ya pili ni 1099-NEC. Hii inaonyesha kile kampuni yenyewe ilichokulipa wewe kama mtu aliyejiajiri. DoorDash hutumia hii. Kwa malipo ya mwaka 2025, kampuni inatakiwa kuitoa ikiwa imekulipa dola 600 au zaidi. Kwa malipo yaliyofanywa kuanzia Januari 2026, kiwango kimepandishwa hadi dola 2,000.

Mbali na hizo mbili, Uber na Lyft huweka ndani ya akaunti yako muhtasari wa mwaka. Watu wengi hawaufungui, na ndio wenye thamani kuliko fomu yenyewe, kwa kuwa unaonyesha kamisheni na ada zilizokatwa. Zile dola 13,000 "zilizopotea" za ndugu yetu zimeandikwa mle, mstari kwa mstari. Upakue na uuhifadhi mahali ambapo utaupata hata simu ikiharibika.

Kwa nini watu wanachanganyikiwa kuhusu dola 600 na dola 20,000

Sheria ya 1099-K imebadilishwa na kuahirishwa mara nyingi kiasi kwamba hata mtu makini anaweza kushika habari ya zamani. Kiwango cha awali kilikuwa zaidi ya dola 20,000 na zaidi ya malipo 200, vyote viwili kwa pamoja. Mwaka 2021 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kukishusha hadi dola 600. IRS ikaahirisha utekelezaji wake mwaka 2022, ikaahirisha tena 2023, kisha kwa mwaka 2024 ikatumia dola 5,000 kama kiwango cha mpito. Tarehe 4 Julai 2025 ikasainiwa sheria nyingine iliyorudisha kiwango cha zamani cha dola 20,000 na malipo 200, kana kwamba mabadiliko ya 2021 hayakuwahi kuwako.

Baadhi ya majimbo yana viwango vyao vya chini. Massachusetts, Maryland, Virginia na Vermont hutumia dola 600. Ndiyo sababu binamu wawili, mmoja Ohio na mwingine Virginia, wanaweza kufanya kazi sawa na kupata hela sawa, mmoja akaletewa fomu na mwenzake asiletewe.

Lakini tafadhali shika jambo hili: viwango vyote hivyo ni vya kampuni. Vinaiambia kampuni lini ilazimike kutuma karatasi. Havikuambii wewe lini una kodi. Kiwango chako wewe ni kingine, na ni kidogo sana: ukipata faida ya dola 400 au zaidi kwa mwaka kutokana na kujiajiri, unatakiwa kupeleka ritani, yaani ripoti ya kodi ya mwaka. Faida maana yake mapato kutoa gharama. Na hata usipofika 400, mapato hayo huhesabiwa pamoja na ya kazi yako nyingine. Yule wa DoorDash mwenye kazi ya ghalani anapeleka ritani kwa ajili ya W-2 yake. Hela za chakula lazima ziingie humo, karatasi iwepo isiwepo.

Tufanye hesabu

Turudi kwa dereva wetu. Hana kazi nyingine, hajaoa, hana mtoto. Fomu yake inasema 41,000. Ameandika maili zake tangu Januari na zimefika 20,000 za kazi.

Kwa gari, IRS inakupa njia mbili. Unaweza kukusanya risiti za mafuta, matengenezo, bima na uchakavu, kisha ukatoa sehemu inayohusu kazi. Au unaweza kutumia kiwango cha maili, ambacho kwa mwaka 2025 ni senti 70 kwa kila maili ya kazi. Madereva wengi wenye magari ya kawaida hunufaika zaidi na njia ya pili. Ila ukichagua kiwango cha maili, mafuta, oili, tairi na bima vimekwisha kuhesabiwa ndani ya zile senti 70. Huwezi kudai maili na pia ukadai mafuta. Ushuru wa barabara na maegesho unadaiwa pembeni. Tena, kama gari ni lako na unataka kutumia kiwango cha maili, ni lazima ukichague katika mwaka wa kwanza unaoliingiza gari hilo kazini. Ukianza na risiti, gari hilo haliwezi kuhamia kwenye maili baadaye.

Hesabu yake inakwenda hivi:

- Mapato ghafi kwenye fomu: dola 41,000
- Kutoa kamisheni na ada za kampuni: 13,000
- Kutoa maili 20,000 kwa senti 70: 14,000
- Kutoa sehemu ya bili ya simu inayohusu kazi, na ushuru wa barabara: 1,000
- Faida halisi: dola 13,000

Hesabu hii huandikwa kwenye fomu inayoitwa Schedule C. Andika 41,000 juu kabisa, kama zilivyo, kisha zitoe kamisheni chini. Wapo wanaoona ni rahisi kuandika 28,000 moja kwa moja, kwa kuwa ndizo zilizoingia benki. Usifanye hivyo. Kompyuta za IRS zina nakala ya 1099-K yako, na zinalinganisha. Zikikuta 28,000 mahali zinapotegemea 41,000, inaweza kukujia barua iitwayo CP2000 inayopendekeza kodi ya ziada. Barua hiyo si mashtaka, wala si ukaguzi kamili, lakini ina tarehe ya kujibu, kwa kawaida siku 30. Nimeona watu wakiificha kabatini kwa hofu. Ukiijibu kwa wakati ukiwa na muhtasari wa kampuni mkononi, mara nyingi jambo linakwisha.

Kodi isiyojali kuwa una kipato kidogo

Hapa ndipo watu wengi wanapopigwa na butwaa. Kuna kodi mbili, na hazifanani tabia.

Kodi ya mapato humwachia kila mtu kiasi cha msingi kisichotozwa. Kwa mtu asiye na ndoa, mwaka 2025 kiasi hicho ni dola 15,750. Dereva wetu ana faida ya 13,000, kwa hiyo kodi ya mapato ya serikali kuu kwake ni sifuri.

Kodi ya kujiajiri haina msamaha huo. Ni asilimia 15.3, yaani 12.4 kwa pensheni ya Social Security na 2.9 kwa matibabu ya wazee, Medicare. Mwajiriwa hulipa nusu na mwajiri nusu. Aliyejiajiri hubeba nusu zote mbili. Inatozwa juu ya asilimia 92.35 ya faida, hivyo kwa dereva wetu: 13,000 mara 0.9235 ni 12,005, na asilimia 15.3 yake ni takriban dola 1,837.

Sasa angalia thamani ya daftari la maili. Kama asingeandika chochote na akashindwa kuthibitisha gharama yoyote, kodi hii ingehesabiwa juu ya 41,000 na kufika karibu dola 5,793, kisha kodi ya mapato ikaja juu yake. Tofauti hiyo ni pango la nyumba la miezi kadhaa.

Nusu ya kodi ya kujiajiri hupunguzwa kwenye mapato unapokokotoa kodi ya mapato. Na kuanzia mwaka 2025 hadi 2028, bakshishi zinaweza kupunguzwa hadi dola 25,000 kwa mwaka, na madereva wa abiria na wapeleka chakula wamo katika orodha ya kazi zinazohusika. Lakini punguzo hilo ni la kodi ya mapato tu. Kodi ya kujiajiri inatozwa juu ya bakshishi vilevile. Maneno "bakshishi hazina kodi" yamesambaa sana, na yamewapotosha wengi.

*Kwa ufupi: sema mapato yote, toa gharama zote halali, lipa kodi ya kujiajiri juu ya faida, kisha ndipo uangalie kama kodi ya mapato ipo.*

Maili ziandikwe namna gani

Daftari la shilingi mbili linatosha. Programu ya simu pia inafaa. Kinachotakiwa ni tarehe, maili, ulikokwenda na sababu, na viandikwe siku ile ile au karibu nayo. Daftari lililojazwa lote usiku mmoja mwezi Aprili linajulikana kwa macho. Piga picha ya odomita tarehe 1 Januari na tarehe 31 Desemba.

Safari ya kutoka nyumbani kwenda mahali unapoanzia kazi, na ya kurudi nyumbani, kwa kawaida haihesabiki. Ukishaanza kazi, maili za kumfuata abiria zinahesabika sawa na za kumpeleka. Jihadhari kama unafungua programu mbili kwa wakati mmoja, kwa sababu kila kampuni inaweza kuhesabu maili zile zile katika muhtasari wake, na ukizijumlisha utakuwa umedai mara mbili.

Akaunti ya mwenzako

Lazima niliseme hili wazi kwa sababu linaumiza watu wetu. Mtu anasubiri karatasi zake za uhamiaji, anapewa akaunti ya shemeji aendeshe, na wanagawana hela. Mwisho wa mwaka 1099 inakuja kwa jina na namba ya Social Security ya shemeji. IRS inamwona shemeji kuwa ndiye aliyepata. Shemeji anaweza kupoteza msaada wa nyumba au wa matibabu unaotegemea kipato, na anadaiwa kodi ya jasho lisilo lake. Aliyefanya kazi naye hana ushahidi wowote kwamba alifanya kazi mwaka mzima. Kampuni zenyewe zinakataza, na akaunti hufungwa. Lakini hata kama isingefungwa, hesabu ya kodi peke yake inatosha kukuambia usitoe akaunti yako na usichukue ya mtu.

Michango ya msiba na upatu

Wengine huuliza: nilikusanya michango ya msiba kwa Cash App, ikapita dola 6,000, je, ni mapato? Si mapato. Zawadi, michango, kurudishiwa hela ya chakula mliyogawana, zamu yako ya upatu, vyote hivyo si malipo ya kazi. Tatizo hutokea pale mtumaji anapobonyeza kuwa analipia bidhaa au huduma. Waambie wachangiaji wachague malipo ya kirafiki, na weka orodha ya nani alitoa nini, kama tunavyofanya nyumbani kwenye daftari la msiba. Ikija 1099-K yenye michango ndani yake, iandikie kampuni irekebishe, na hifadhi ulichoandika.

Kulipa kidogo kidogo

Kwa kuwa hakuna anayekukatia, IRS inatarajia ulipe mara nne ikiwa utadaiwa dola 1,000 au zaidi kwa mwaka. Tarehe ni 15 Aprili, 15 Juni, 15 Septemba na 15 Januari ya mwaka unaofuata. Ukilipa jumla inayolingana na kodi yako yote ya mwaka uliopita, mtu wa kipato cha kawaida hatozwi faini ya kuchelewesha malipo hayo hata kama mwaka huu amepata zaidi. Ushauri wangu ni kufungua akaunti ya pili ya benki na kuhamishia humo sehemu ya kila malipo ya wiki, siku ile ile yanapoingia.

Mwenye kazi ya W-2 ana njia rahisi zaidi. Amwombe mwajiri wake, kwa fomu W-4, amkatie kidogo zaidi kila mshahara, na hela hiyo itafidia ya kazi ya pembeni.

Kwa nini usijifiche

Pensheni ya Social Security inahitaji alama 40, na mtu hupata zisizozidi nne kwa mwaka. Mwaka 2025 kila alama inahitaji mapato ya dola 1,810. Dereva wetu, kwa kulipa zile 1,837, amepata alama zake nne. Mwenzake aliyeendesha miaka kumi bila kuripoti atafika uzeeni bila alama hata moja ya kazi hiyo.

Mwenye watoto ana sababu nyingine. Kuna fungu liitwalo Earned Income Credit ambalo hurudisha hela kwa wafanyakazi wa kipato kidogo, na faida ya kujiajiri inahesabika. Kwa mwaka 2025 linaweza kufika dola 8,046 kwa familia yenye watoto watatu au zaidi, na hulipwa hata kama hudaiwi kodi ya mapato. Bila ritani, halipo.

Kisha kuna familia iliyobaki Goma, Mombasa au Kigoma. Kumdhamini mke au mzazi kwa fomu I-864 kunahitaji ritani yako ya karibuni, na kipato cha angalau asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kinachowekwa na serikali kwa ukubwa wa familia yako. Kwa aliyejiajiri, kinachotazamwa ni faida baada ya gharama. Dereva wetu mwenye 13,000 hatafika. Simshauri afiche maili zake ili aonekane tajiri, kwa kuwa ritani husainiwa kwa kiapo. Sheria inaruhusu mdhamini wa pili, ndugu au rafiki mwenye kipato cha kutosha, asaini pamoja naye. Ajue hilo mapema ili amtafute mtu huyo mapema.

Nani akujazie

Kuna vituo vya kujitolea vinavyoitwa VITA, ambavyo husaidia bure watu wa kipato cha chini na cha kati, na vingi hupokea Schedule C zisizo na mambo mengi. Ukimlipa mtu, hakikisha anasaini ritani na kuandika namba yake ya mtayarishaji, PTIN. Anayekataa kusaini, au anayetaka asilimia ya hela utakazorudishiwa, ondoka kwake hata kama ni mtu wa kijijini kwenu. Makosa yatakayokuwamo yatabaki kwa jina lako.

Na kama huna hela ya kulipa, peleka ritani hivyo hivyo kabla ya 15 Aprili. Faini ya kutopeleka ni asilimia 5 ya deni kwa mwezi, hadi 25. Faini ya kuchelewa kulipa ni nusu ya asilimia moja kwa mwezi. IRS hukubali kulipwa kwa awamu, na unaweza kuomba kwenye tovuti yao.

Kama kuna miaka ya nyuma hukuipeleka kabisa, anza na ile ambayo serikali ndiyo inadaiwa na wewe. Haki ya kurudishiwa hela hudumu miaka mitatu tangu tarehe ya mwisho ya ritani hiyo, na ikipita, hela inabaki serikalini. Tafuta fomu zako wiki hii.